Mwaka Huu Ninanunua Kabla ya Mshahara

Mchele wa sikukuu umeshaingia ndani. Nimeununua jana, Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, saa moja na nusu asubuhi, wakati wafanyabiashara wa Soko Kuu la Majengo walikuwa ndio kwanza wanafunua maturubai na kunyunyizia maji vumbi la njia zilizo kati ya vibanda. Nilichukua kilo 25 za mchele wa Bahi kwa bei ya kawaida, bila ofa wala bango, nikapanda bajaji na kufika nyumbani Nkuhungu kabla jua halijaanza kuchoma. Jirani yangu, ambaye ni mkubwa kwangu kwa umri na huwa hanyamazii jambo linalomshangaza, alinikuta nikishusha mfuko getini. "Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "mchele wa Krismasi unanunuliwa leo? Subiri mshahara usome, maduka yatashusha bei." Nilimjibu kwa kifupi kwamba mwaka huu sisubiri, kwa sababu ya UVIKO-19, ule ugonjwa wa korona, nikamwahidi kumweleza vizuri baadaye. Maelezo yenyewe ni marefu kuliko mazungumzo ya getini, ndiyo maana nimekaa kuyaandika, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila anayepanga kuingia mjini wiki ile ya mwisho kabla ya sikukuu.

Anayeishi Dodoma anajua kwamba mji wetu unaendeshwa na mshahara. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, watu wanaolipwa siku moja na mwajiri mmoja wameongezeka mwaka hadi mwaka, nami ni mmoja wao. Mshahara ukishasoma, foleni za mashine za kutolea fedha hufika barabarani jioni hiyohiyo, na kesho yake mitaa ya maduka inayozunguka Nyerere Square huwa haipitiki. Wenye maduka wanaifahamu kalenda hiyo kuliko sisi tunaolipwa. Mabango ya punguzo hayatundikwi katikati ya mwezi wakati mifuko imekauka. Hutundikwa siku fedha inapoingia, na mengi huandikwa kwamba punguzo ni la siku mbili au tatu tu. Siwalaumu kwa kuuza penye fedha. Lakini matokeo yake ni kwamba watu wote wenye uwezo wa kununua hukusanywa katika saa zilezile, kwenye milango ileile, na kwa ugonjwa unaosafiri ndani ya pumzi za watu sioni mpangilio mbaya zaidi ya huo.

Ubaya wake niliuona Desemba ya mwaka jana. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67 wakati huo, alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa kula sikukuu kwangu, na alasiri ya Alhamisi, tarehe 24 Desemba 2020, nilimpeleka kwenye duka moja la nguo la katikati ya mji, ambalo sitalitaja, kwa sababu lilikuwa limetangaza kushusha bei ya vitenge. Duka lilikuwa refu na jembamba, lenye mlango mmoja wa mbele. Mlango wa nyuma ulikuwepo, ila ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa kuwa siku za punguzo huwa pia ni siku za wizi. Ndani kulikuwa na feni moja iliyozungusha hewa ileile juu ya vichwa vya watu ambao sikuweza kuwahesabu. Barakoa zangu zilikuwa kabatini. Shule zote zilikuwa zimefunguliwa tangu tarehe 29 Juni mwaka ule, maisha yalikuwa yamerudi kama zamani, nami nilikuwa nimerudi nayo. Tulisimama ndani ya duka lile dakika zipatazo 50. Pea mbili za kitenge, zilizokuwa zikiuzwa shilingi 25,000 kila moja, tulizipata kwa shilingi 21,000. Tuliokoa shilingi 8,000, na mama alifurahi sana.

Tarehe 2 Januari alianza kukohoa. Tarehe 5 alishindwa kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi, na usiku huo alilazwa na kuwekewa oksijeni, ambayo haikutolewa puani mwake mpaka siku ya kumi na moja. Wakati ule tulikuwa tukisema "changamoto ya upumuaji" badala ya kuitaja korona, na kila aliyesema alijua anachokimaanisha. Namshukuru Mungu kwamba alipona na yupo, ingawa kilima kifupi cha kutoka barabarani hadi kwake, ambacho alikuwa akikipanda na ndoo kichwani, sasa hukipumzikia mara mbili. Hakuna kipimo kilichotuambia aliupata wapi. Inawezekana ilikuwa kanisani, au kwenye daladala, au kwangu mimi mwenyewe niliyekuwa nikienda kazini kila siku. Hata hivyo, nikizikumbuka siku zile moja baada ya nyingine, sioni saa nyingine ambayo mama alikaa amebanwa na watu wengi kiasi kile katika hewa nzito kiasi kile. Shilingi 8,000 tulizookoa hazikutosha hata nauli ya bajaji ya siku mbili za kwenda hospitalini kumpelekea uji.

Tangu hapo nimejitahidi kuuelewa ugonjwa huu unavyosafiri, kwa kuwa naona wengi wetu tunaulinda mlango ambao si mkubwa. Tumefundishwa kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, na kila duka lina ndoo yake mlangoni, ingawa kufikia saa sita mchana mara nyingi ndoo huwa tupu na kipande cha sabuni kimekauka na kupasuka. Kunawa ni jambo jema na sitaki mtu aache, maana msimu wa mvua unakuja na magonjwa yake ya kuhara ambayo mikono ndiyo huyabeba. Lakini UVIKO-19 huenea zaidi kwa njia ya hewa. Mtu mwenye maambukizi anapokohoa, anapozungumza, anapoimba au hata anapopumua tu, hutoa matone ya mate na chembe nyingine ndogo zaidi zisizoonekana. Matone mazito huanguka karibu naye, na hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya kukaa umbali wa mita moja. Chembe ndogo haziijui hiyo mita moja. Huelea, na katika chumba ambacho hewa yake haitoki hubaki zikielea kwa muda na kuongezeka, kama harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni inavyojaa mpaka chumba cha mwisho. Ukikaa humo dakika tano umevuta kidogo, ukikaa dakika 50 umevuta mara kumi ya hicho.

Kwa sababu hiyo, nikifika mlangoni mwa duka sasa ninaitazama ndoo, ninanawa, kisha ninainua macho. Ninaangalia kama kuna madirisha na kama yamefunguliwa, kama kuna mlango wa pili, kama dari ni la juu au la chini, na kama watu waliomo ndani wanaweza kugeuka bila kugusana mabega. Duka lisiloniridhisha ninaliacha, hata kama bango lake linasema nusu bei. Mara ya kwanza kufanya hivyo niliona aibu, kwa kuwa muuzaji alikuwa ameshanikaribisha na mimi nimelelewa kutokumgeuzia mtu mgongo anaponikaribisha. Nilijifunza kumwambia ukweli kwa upole: "Ahsante sana kaka, nitarudi kesho asubuhi watu wakipungua." Hakuna hata mmoja aliyekasirika, na mmoja aliniandikia namba yake ya simu ili aniwekee kiatu nilichokitaka.

Wiki iliyopita habari mbili ziliangukia siku moja, nami nimekuwa nikizifikiria pamoja. Ijumaa ya tarehe 26 Novemba ilikuwa ile siku ambayo Wamarekani huiita Ijumaa Nyeusi, siku inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, ambapo maduka yao hushusha bei na watu hupanga foleni tangu usiku. Baadhi ya maduka yetu, hasa yale ya mtandaoni, nayo yameazima jina hilo. Siku hiyohiyo Shirika la Afya Duniani lilikipa jina la Omicron kirusi cha korona cha aina mpya ambacho Afrika Kusini ilikuwa imekitolea taarifa siku mbili kabla. Kwa hiyo msimu wa kununua umefunguliwa sambamba na tahadhari mpya. Huko Marekani kwenyewe, mwaka 2020, kampuni ya Walmart iliamua kufunga maduka yake siku ya Shukrani, kisha ikaligawa punguzo lake katika awamu tatu ndani ya mwezi wa Novemba badala ya kulirundika katika siku moja, na sehemu kubwa ya bidhaa ikauzwa kwanza kwa njia ya mtandao. Siamini kwamba kampuni kubwa kiasi hicho ilisukumwa na huruma peke yake, na biashara yake haina budi kuwa ilipigiwa hesabu. Ninachokiona ni kwamba bei inaweza kushuka bila watu kulundikwa.

Wafanyabiashara wa Dodoma wanaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote. Punguzo lianze tarehe 6 na liendelee hadi mkesha, au, kama ni lazima liwe la siku tatu, basi liwe kubwa zaidi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, wakati maduka yana nafasi, na lipungue kadiri mchana unavyopanda. Ningeliona bango la namna hiyo ningeliingia duka hilo kwa moyo mmoja, na ningewapeleka wenzangu wa ofisini.

Kwa kuwa bango hilo bado sijaliona, nimejipangia kalenda yangu mwenyewe, na nimeipanga kwa kuhesabu kurudi nyuma. Mtu akishaambukizwa, dalili huweza kujitokeza kuanzia siku ya 2 mpaka ya 14, na anaweza kuwaambukiza wengine kabla yeye mwenyewe hajajisikia vibaya. Nitasafiri kwenda Mpwapwa Jumatano ya tarehe 22. Hii ina maana kwamba mahali pa mwisho penye watu wengi nitakapokanyaga ni Jumamosi ya tarehe 11, na baada ya hapo nitanunua mboga na mkate tu hapa mtaani, ili siku kumi na moja kati ya hizo 14 zipite kabla sijakaa meza moja na mama. Nikiumwa hata mafua katika siku hizo, sitasafiri. Nimeshamwambia, na amekubali, ingawa alinyamaza kidogo kwenye simu kabla ya kukubali. Fedha ya manunuzi hayo imetoka kwenye mshahara wa Novemba. Haikuwa rahisi, kwani ilinibidi niache kushona gauni nililokuwa nimelipania na kuchelewesha mchango mmoja wa harusi, lakini ilitosha kununua mchele, mafuta ya alizeti, sukari, unga wa ngano na viatu vya watoto. Mshahara wa Desemba ukisoma utanikuta sina cha kuufanyia haraka, utasubiri ada na sare za Januari, ambazo nazo nitazinunua tarehe 28 au 29, wakati mji umelala na wengi wako kwao.

Najua kwamba si kila mtu anaweza kununua mapema. Fundi wa ujenzi anayelipwa kwa siku, mama anayeuza ubuyu na karanga pale Sabasaba, kijana wa bodaboda, hawa sikukuu yao hununuliwa kwa fedha ya siku mbili za mwisho, na hakuna ushauri wa kalenda utakaowafaa. Ndiyo maana naona kwamba sisi wenye mshahara tuna wajibu wa kutangulia. Kila mmoja wetu anayemaliza manunuzi yake tarehe 4 au 11 amempunguzia msongamano yule ambaye hana namna ila kuingia sokoni tarehe 24.

Mahali pa kununulia napo pana tofauti kubwa. Soko la Majengo nalipenda, nimelizoea, na karibu kila kitu kipo, ila njia zake ni nyembamba na ikishafika saa tano wabeba mizigo na wanunuzi hupishana kwa kusukumana, kwa hiyo mimi huingia asubuhi na kutoka asubuhi. Soko la Job Ndugai kule Nzuguni, jirani na kituo kikuu cha mabasi, ni mbali kwangu na linanigharimu nauli ya ziada, lakini lina nafasi ya kupishana, na mwaka huu nafasi ndiyo bidhaa ninayoilipia. Kwa nguo za mitumba ninapanga kwenda mnada wa Msalato Jumamosi ijayo. Mnada ule uko uwanjani, chini ya mbingu, na ule upepo wa Dodoma tunaoulalamikia kila siku kwa kutujaza vumbi machoni ndio hapo unaotufanyia kazi nzuri, kwa sababu unaichukua pumzi ya kila mtu na kuitawanya. Uwazi huo lakini una kikomo chake. Pale watu wanapoinamia rundo moja la nguo mpaka vichwa vinagusana, huku mnadishaji anapiga kelele juu yao, hakuna tena "nje" ya kujivunia, na mimi husimama pembeni mpaka rundo lipungue, hata kama shati zuri litachukuliwa na mwingine. Nyama choma yangu nitaomba nifungiwe, niile nyumbani.

Jambo moja ambalo sijasikia likisemwa ni la mvua. Mvua zetu za Dodoma huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, na zikishuka hushuka kwa ghafla na kwa kishindo. Aliyewahi kuwa mjini mvua hizo zinapoanza anajua kinachotokea: ndani ya dakika moja barabara nzima huingia barazani na madukani, watu hamsini chini ya bati moja, wote wakihema kwa mbio, wengi wakiwa wamevua barakoa kwa sababu zimelowa. Mtu anaweza kuwa amechagua saa nzuri na duka zuri, kisha mvua ikamharibia yote kwa nusu saa. Kwa hiyo mwavuli wangu nimeuingiza katika vifaa vya kujikinga na UVIKO-19, pamoja na barakoa ya akiba iliyofungwa ndani ya mfuko mdogo wa nailoni, kwa sababu barakoa iliyolowa haichuji hewa inavyopaswa na mtu huishia kuiteremsha kidevuni.

Watoto siendi nao. Wanalia wakibaki, na mimi naumia kwa sababu nakumbuka raha ya kuchaguliwa kiatu cha sikukuu mimi mwenyewe nikiwepo, lakini nimerudi kwenye njia ambayo bibi yangu alikuwa akiitumia kule kijijini wakati kwenda dukani kulikuwa safari ya siku nzima. Mtoto anasimama sakafuni, unakata kijiti au ubua wa mtama kwa urefu wa mguu wake, unaongeza upana wa kidole kimoja ili kiatu kisimbane mwezi wa pili, na kijiti hicho ndicho kinachokwenda dukani. Kwa gauni au suruali unachukua uzi na kuufunga fundo penye kiuno na fundo jingine penye kifundo cha mguu. Wiki iliyopita nilinunua viatu vya watoto watatu kwa vijiti vitatu ndani ya dakika kumi na mbili, na vyote vimewatosha. Nguo nikizifikisha nyumbani nazifua kabla hazijavaliwa, kama nilivyokuwa nikifanya hata kabla ya ugonjwa huu kuja.

Kwenye kupatana bei ndipo barakoa nyingi zinapovuliwa. Kila duka limeweka spika mlangoni, muziki na matangazo vinagongana barabara nzima, na ili usikike inakubidi upaze sauti, ukipaza sauti unatoa chembe nyingi zaidi mdomoni, na muuzaji naye anateremsha barakoa yake akusogelee akuambie, "Sema tena mama, sijakusikia." Nimegundua kwamba kikokotoo kinamaliza tatizo hilo. Wauzaji wetu wamezoea kukuandikia bei kwenye kikokotoo na kukuonyesha, nami ninaandika yangu na kumrudishia, tunapatana bila neno hata moja, huku kila mmoja yuko upande wake wa meza. Nikitoka nyumbani ninakuwa nimeshaulizia bei kwa simu au kwa wenzangu, kwa sababu asiyejua bei huzunguka maduka matano kuitafuta, na kila duka ni hewa nyingine anayoivuta.

Malipo hayanitishi sana. Noti zimepita mikono mingi, hilo ni kweli, lakini mikono inanawika. Ninatumia lipa namba panapowezekana, kwa sababu inafupisha muda wa kusubiri chenji, ingawa nawaelewa wanaorudi kwenye fedha taslimu baada ya tozo za kutuma na kutoa fedha kwa simu zilizoanza Julai mwaka huu, hata baada ya kupunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba. Kwa wale wanaonunua kupitia simu na kuletewa na bodaboda, njia hiyo ni salama kuliko zote kwa upande wa ugonjwa, ila usilipe kabla mzigo haujafika mkononi na hujaufungua, maana msimu huu wa sikukuu matapeli nao wako kazini.

Nimeandika mpaka hapa kuhusu mnunuzi, lakini mtu ambaye amenikaa moyoni kuliko wote ni muuzaji. Mimi ninaingia dukani dakika kumi na kutoka. Yule binti anayesimama nyuma ya meza anaivuta hewa ya duka lile siku nzima, pumzi ya kila aliyeingia tangu asubuhi, pamoja na yangu. Mwezi uliopita nilimwuliza mmoja, mwembamba, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, anafanya kazi saa ngapi. "Saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, dada," alinijibu, "ila sikukuu ikikaribia tunafunga saa nne." Nikamwuliza akiumwa inakuwaje. Akatabasamu kwa macho, kwa sababu barakoa yake ilikuwa mahali pake, akasema, "Siku nisiyokuja hailipwi. Kwa hiyo nakuja." Jibu hilo limenisumbua kuliko habari zote nilizosoma. Tunaweza kuweka ndoo kumi mlangoni, lakini kama anayekohoa analazimika kuja kazini ili apate fedha ya chakula, duka hilo si salama kwake wala kwetu.

Kwa hiyo ninawaomba wenye maduka, kwa heshima zote, wamlipe mfanyakazi siku anayougua, angalau katika wiki hizi tatu, na wamhamishie meza yake karibu na mlango au dirisha, na wafungue ule mlango wa nyuma hata kama itawabidi wamweke mtu wa kuulinda. Na sisi wanunuzi tunaweza kuvaa barakoa kwa ajili yake, ikiwa hatuoni haja ya kuivaa kwa ajili yetu. Barakoa inayofunika pua na mdomo huzuia kwanza kile kinachotoka kwangu, na wa kwanza kukipokea ni yeye aliye mbele yangu. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye suti na kitambulisho cha kazi shingoni, akimwambia binti wa namna hiyo kwamba anamkera na barakoa yake na aivue waongee vizuri, naye kwa kuogopa kumkosa mteja akaivua. Niliumia, na najilaumu kwamba sikusema kitu.

Kuhusu chanjo, mimi nilichanjwa mwezi wa Agosti, wiki chache baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua zoezi hilo tarehe 28 Julai kwa kuchanjwa hadharani. Ilikuwa ile ya Johnson & Johnson, ya dozi moja, bila malipo. Mama alikuwa na hofu zake, alizozipata kwenye sauti za kusambazwa za WhatsApp, na sikumlazimisha. Nilimwomba tu akamsikilize daktari aliyemhudumia Januari, ambaye anamwamini. Alichanjwa Septemba. Chanjo humpunguzia mtu kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kuugua sana na kufa, lakini aliyechanjwa bado anaweza kuubeba na kuupeleka kwa mwingine, kwa hiyo hakuna nilichokiacha katika haya niliyoyaeleza kwa sababu ya kuchanjwa. Yeyote ambaye bado hajachanjwa na anakwenda kuwaona wazee wake akichanjwa wiki hii atakuwa na wiki mbili na zaidi za mwili wake kujiandaa kabla ya sikukuu.

Tiketi yangu ya tarehe 22 nimeshaikata, siti ya dirishani, kwenye gari ambalo vioo vyake vinafunguka. Kuku na mbuzi tutanunua kwa jirani yake mama hukohuko Mpwapwa, ameshazungumza naye.

Jana usiku nilimpigia kumweleza kwamba mchele umepatikana na kumwuliza kama kuna kingine anachohitaji kutoka mjini. Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba vile vitenge vya mwaka jana hakuwahi kuvishona. Vimekaa kwenye sanduku mwaka mzima, kwa kuwa kila akivishika alikumbuka hospitali. Mwaka huu ameamua kuvishona, chake na changu, na ameniagiza uzi wa bluu roli mbili na vifungo vinane. Nitavinunua kesho saa mbili asubuhi, kwa fundi wa hapa mtaani ambaye cherehani yake iko barazani, chini ya mwarobaini.